Anayesema "sijui" asifungiwe mlango wa kanisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja za wasomaji wenzangu wawili. Mmoja aliandika kwamba mtu anayejiita agnostiki, yaani anayesema hana hakika kama Mungu yupo au hayupo, ni mwoga anayeogopa kuchagua upande, na kwamba makanisa na misikiti isimpe nafasi yoyote kwa kuwa imani haichanganywi na mashaka. Wa pili, ambaye kwa uandishi wake nahisi ni kijana, alimjibu kwamba dini ni zile zile tangu enzi za mababu, hazijawahi kubadili fikra hata siku moja, na ndiyo maana yeye ameachana nazo.

Mimi ni Mwanglikana wa mkoa wa Tanga, na ni mwumini. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama, na hadi leo ni katibu wa halmashauri ya mtaa wetu kanisani. Kazi zote mbili zimenizoesha kuuliza jambo moja kabla ya kubishana: kumbukumbu zinasemaje? Na kumbukumbu za Kanisa langu haziwaungi mkono wasomaji hawa, si mmoja wala mwingine.

Nianzie Natal, Afrika Kusini. Katika miaka ya 1850 alifika huko askofu Mwingereza aitwaye John William Colenso. Alikuwa mtu wa hesabu; vitabu vyake vya hesabu vilifundishiwa katika shule za Uingereza. Alijifunza Kizulu, akaanza kutafsiri Biblia akisaidiwa na Wazulu, na mmoja wa wasaidizi wake hao alikuwa William Ngidi. Walipofika kwenye habari za gharika ya Nuhu, msaidizi huyo aliuliza kama hayo yote ni kweli. Je, askofu anaamini kabisa kwamba wanyama wote, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale wanaokula nyama?

Hebu msomaji aone hali ilivyokuwa. Askofu wa dola inayotawala nchi nyingi duniani ameketi na Mzulu ambaye sheria za koloni hazimhesabu kuwa sawa naye. Ilikuwa rahisi kumwambia aamini na anyamaze. Colenso aliandika baadaye kwamba moyo wake ulimjibu kwa maneno ya nabii, kwamba haifai mtu kunena uongo kwa jina la Bwana, na kwamba hakuthubutu kumdanganya. Akarudi kwenye vitabu vitano vya Musa na kalamu yake ya hesabu, akapima idadi ya watu, ukubwa wa kambi na wingi wa makuhani na dhabihu, na mwaka 1862 akatoa kitabu akisema kwamba hesabu hizo haziwezi kuwa historia kama tunavyoelewa historia.

Kilichofuata najua kukisoma vizuri kwa sababu ya kazi niliyofanya. Mwaka 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town alimshitaki kwa uzushi, akamwona na hatia na kumvua uaskofu. Colenso alikata rufaa, na mwaka 1865 baraza la rufaa la Malkia mjini London likasema Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria kumhukumu. Gray akamtenga na Kanisa hata hivyo. Fadhaa ya kesi ile ni mojawapo ya sababu zilizowafanya maaskofu wa Kianglikana duniani kote waitwe kwenye mkutano wao wa kwanza wa Lambeth, London, mwaka 1867. Mikutano hiyo tunayoiheshimu hadi leo, sehemu ya chimbuko lake ni swali la mtu mmoja aliyetaka kujua wanyama walikula nini ndani ya safina.

Colenso huyo huyo alikuwa na kosa lingine machoni pa wenzake. Alisema kwamba mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja akiamini, abatizwe bila kulazimishwa kuwaacha wake zake, maana kuwafukuza wanawake na watoto wasio na hatia ni ukatili, na ukatili hauwezi kuwa mlango wa kuingilia kwa Kristo. Hawakumsikiliza. Mwaka 1888 Mkutano wa Lambeth ulipiga kura: maaskofu 83 dhidi ya 21 wakaamua mwenye mitala asibatizwe, bali awekwe kwenye mafundisho hadi atakapokuwa katika hali ya kuipokea sheria ya Kristo. Kwa maneno ya huku kwetu, hadi abaki na mke mmoja.

Azimio hilo lilifika hadi nyumbani kwetu. Bibi mzaa mama yangu alikuwa mke wa pili. Babu alipotaka kubatizwa, mmisionari wa kituo cha jirani alimwambia achague. Babu akambakiza mke mkubwa kwa kuwa ndiye aliyeolewa kwanza. Bibi akarudi kwa kaka zake huko juu milimani akiwa na jembe, chungu na mama yangu mgongoni, na mjomba akitembea kwa miguu yake. Mama alituhadithia mara nyingi kwamba shamba la mihogo lililokuwa likiwalisha wote pale kwa babu, wake wote wawili na watoto wao, lilikuwa la mkono wa bibi. Baada ya bibi kuondoka, babu alipewa jina la mtume na akawa mzee wa kanisa. Mama alikua akijua kwamba baba yake yuko ng'ambo ya mto na kwamba hawezi kulala nyumbani kwake, kwa sababu za utakatifu.

Msomaji wa kwanza akisema Kanisa lisimame pale pale lilipo, namwuliza ni pale pa mwaka gani. Kwa sababu mwaka 1988, miaka 100 kamili baada ya uamuzi ule, maaskofu wa Kianglikana walikutana tena katika Mkutano wa Lambeth, na safari hii Waafrika walikuwa wengi ukumbini. Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa mstari wa mbele katika hoja hii. Azimio namba 26 likasema mwenye mitala anayeamini anaweza kubatizwa na kupata kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini, kwa masharti: aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake alionao yu hai, jumuiya ya Waanglikana wa mahali pale iridhie, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya taabu ambayo mwanamke huyo angeipata. Ndoa ya mume mmoja na mke mmoja waliendelea kuishika kama mpango wa Mungu. Walichokibadili ni nani anayebebeshwa gharama ya mpango huo.

Bibi alikuwa amekwisha kufa. Mama nilimsomea mwenyewe habari ile. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama wamesema lolote kuhusu wale waliokwisha kuachwa. Hawakusema.

Basi wewe kijana uliyeandika kwamba dini hazibadiliki, tazama hapo. Zinabadilika. Lalamiko lililo sahihi zaidi, na ningelitia sahihi pamoja nawe, ni kwamba taasisi za dini hubadilika zikiwa zimechelewa, baada ya watu kuumia, na zikishabadilika husahau kuwataja wale waliosema mapema wakaadhibiwa. Colenso aliwasemea wanawake kama bibi yangu zaidi ya karne moja kabla Kanisa halijamkubalia, na alikufa mwaka 1883 akiwa bado ametengwa na maaskofu wenzake, ingawa Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu, kwa jinsi alivyowatetea Langalibalele, mkuu wa Wahlubi, na Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, mbele ya serikali ya kikoloni. Hilo la kusahau ni dhambi ya taasisi na sioni sababu ya kulifunika.

Kwa ndugu zetu Wakatoliki mambo ni hayo hayo. Mwaka 1864 Papa Pius IX alitoa orodha ya makosa 80 ya nyakati zile, na mojawapo lilikuwa kusema kwamba kila mtu ana uhuru wa kuifuata dini anayoiona ni ya kweli. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba mtu ana haki ya uhuru wa dini, haki inayotokana na utu wake mwenyewe. Kardinali wetu Laurean Rugambwa alikuwa mmoja wa mababa wa mtaguso huo. Na katika hati yao juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, kifungu cha 19, walikiri jambo ambalo ningependa msomaji wa kwanza alisome kwa sauti: kwamba waumini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu kubwa katika kuzaliwa kwa ukanamungu, pale wanapofundisha vibaya au kuishi vibaya na hivyo kuuficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Juzi tu, mwaka 2018, Papa Fransisko alibadili Katekisimu ikasema adhabu ya kifo haikubaliki. Mimi niliyekaa mahakamani najua uzito wa badiliko lile.

Siusemei Uislamu; Tanga ina masheikh wa kutosha wa kuusemea. 

Kuna mtu atasema: Mungu habadiliki, kwa hiyo dini inayobadilika si ya Mungu. Nimeisikia hoja hii mimbarani na naiheshimu, lakini inachanganya vitu viwili. Mungu hakupiga kura 83 kwa 21. Waliopiga ni wanadamu, wengi wao wema na wenye kumpenda Kristo, walioketi ukumbini London wakiamua juu ya jikoni la mwanamke ambaye hawatamwona maishani mwao. Ninapoamini kwamba Mungu habadiliki, ndipo ninapopata sababu ya kuyapima maazimio yetu kwake kila mara, na yakipungua tuyarekebishe. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikuwa mtakatifu kwa namna nyingi. Mwaka 1920 aliipiga vita kazi ya kulazimishwa ya Waafrika nchini Kenya wakati wengi walinyamaza. Lakini mwaka 1913 huyo huyo aliwashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kisa wameshiriki Meza ya Bwana pamoja na Wapresbiteri katika mkutano uliofanyika Kikuyu, nchini Kenya. Leo Waanglikana na Wapresbiteri wa Kenya wanafundisha wachungaji wao pamoja pale Limuru, na sidhani kuna anayeona mbingu zimetikisika.

Sasa nije kwa mtu anayesema "sijui", ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Marehemu mdogo wangu aliacha mtoto wa kiume ambaye nimemlea mimi. Ni mtaalamu wa maabara hospitalini. Alikuwa mtumishi wa altareni, akaimba kwaya, kisha akaingia chuoni, na siku moja katika kikao cha vijana wa kanisa aliulizwa kwa nini hashiriki tena Meza ya Bwana. Angeweza kusema ana kazi za zamu. Alijibu kwamba hana hakika kama Mungu yupo, na kwamba kushiriki wakati hana hakika ni kuwadanganya wenzake. Nilipomwita nyumbani nimhoji, aliniambia: "Mama mkubwa, nikitazama damu kwenye darubini nisipoona kitu, siandiki kwamba mgonjwa hana malaria. Naandika wadudu hawajaonekana. Hapo ndipo nilipofika na mimi. Siwezi kuandika zaidi ya nilichokiona."

Sikubaliani naye. Nimemwambia hivyo, na nimemwambia kwamba mimi nimeona, ingawa si kwa darubini. Lakini nimefanya kazi miaka mingi mahali ambapo watu huapa kwa Biblia na Kurani kisha wanasema uongo mchana kweupe. Najua thamani ya shahidi anayesema "sikuona" pale ambapo hakuona. Hakimu hamfukuzi shahidi wa namna hiyo; anamwamini zaidi.

Mama yangu alipofariki, huyu kijana ndiye aliyekuwa amemwuguza. Alimgeuza kitandani, alimsafisha vidonda, alimsomea zaburi usiku kwa sababu mama alizitaka, akisoma kila neno taratibu bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ana mashaka nalo. Familia tukakubaliana yeye ndiye asome historia ya marehemu kanisani. Asubuhi ya mazishi ratiba ilirudi kwangu kutoka kwa kiongozi mmoja wa kanisa, ambaye sitamtaja, jina la kijana likiwa limekatwa kwa kalamu ya bluu na pembeni pameandikwa "si mwumini". Historia ikasomwa na mtu mwingine, mwema kabisa, ambaye hakumjua mama. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alilelewa na mama yake baada ya wazazi kutengana, akapita haraka. Kijana wangu angesimama pale. Alikuwa ameandika, nina karatasi yake hapa mezani, kwamba mama wa marehemu hakuwahi kumchukia mumewe wala Kanisa, na kwamba kila mwaka Jumapili ya mavuno alipeleka mihogo altareni.

Kwa hiyo mtu asiye na hakika kama Mungu yupo ndiye aliyekuja kanisani akiwa ameandika kwa heshima juu ya msamaha wa mwanamke kwa Kanisa. Na aliyemkata jina ana hakika zote.

Msomaji wa kwanza anamwita mtu wa namna hii mwoga. Yule aliyelileta jina hilo la agnostiki mwaka 1869, mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley, alimpoteza mwanawe wa kwanza, Noel, mwaka 1860 mtoto akiwa hajatimiza miaka minne. Rafiki yake Charles Kingsley, ambaye alikuwa padre wa Kianglikana, alimwandikia barua ya kumfariji. Huxley alimjibu kwa barua ndefu akimweleza wazi kwa nini hawezi kushika tumaini la uzima baada ya kifo kwa sababu tu analihitaji, hata mbele ya jeneza la mwanawe. Baba aliyefiwa, anayepewa faraja mkononi, kisha anasema siwezi kuipokea kwa sababu sina ushahidi wake: mimi namwonea huruma, nasikitika hakuiona nuru ninayoiona, ila neno woga sijui linaingilia wapi. Na nampenda padre Kingsley zaidi, kwa kuwa urafiki wao uliendelea.

Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Huo ni ulinzi dhidi ya serikali. Hauwezi kumlazimisha kiongozi wa kanisa awe na moyo mpana, na sitaki ulazimishe. Hilo ni letu wenyewe kuliamua ndani, kwa hoja na kwa kura, kama lilivyoamuliwa la mitala.

Ndiyo maana nimewasilisha ajenda kwa maandishi kwenye mkutano ujao wa mtaa wetu. Sijaomba asiyeamini apewe Ekaristi wala afundishe katekisimu. Hata yeye haombi hayo. Nimeomba iamuliwe kwamba ndugu wa marehemu aliyeteuliwa na familia asome historia ya marehemu kanisani bila kuulizwa imani yake, na kwamba kijana anayetamka mashaka yake kikaoni asiondolewe kikaoni kwa ajili hiyo. Baadhi ya wazee wameshaniambia watapinga, na ni haki yao.

Wewe kijana uliyeachana na dini, kama ulikuwa na mtaa wako wa kanisa, uliza vikao vyake hukaa lini. Nakuomba uende ukaseme huko yale uliyoyaandika gazetini, maana waliobadili azimio la 1888 ni watu waliokuwa ndani ya ukumbi.

Na msomaji wa kwanza, nina swali moja kwako ambalo ningependa ulijibu hapa hapa, mhariri akiruhusu. Mwanamume mwenye wake wawili na watoto wao amekuja kwako leo akitaka ubatizo. Utamjibu kwa azimio la 1888 au la 1988? Na kama ni la 1988, tuambie unadhani lilipatikanaje katika Kanisa lisilotoa nafasi kwa mtu mwenye mashaka.

Mimi msomaji wako,
Karani mstaafu,
Tanga